Ni Kweli, Mheshimiwa

Watu huja kwangu na maswali ya polisi kabla hata ya kunisalimia. Mimi ni mshonaji. Nashona sare za shule hapa Kiganjo, kwenye chumba kinachoangalia barabara, na kibao changu cha nje kimechorwa sketi na sweta, basi. Lakini mtu akishikiwa mtoto huko mjini, utasikia anaambiwa, "Nenda kwa yule mathe wa cherehani, yeye anajua mambo ya korti." Anafika anahema. Wanaweza kumweka ndani mpaka lini? Ni lazima aongee? Kama hatuna wakili? Hakimu akimuuliza, asemeje?

Kwanza namwambia aketi. Halafu namweleza ninayoyajua, na ninayajua kwa sababu niliyatafuta mwenyewe. Kwamba ukikamatwa una haki ya kuambiwa kwa nini, tena kwa lugha unayoelewa. Kwamba unaweza kunyamaza, na kunyamaza si kosa. Kwamba hawafai kukuweka zaidi ya siku moja bila kukupeleka kortini, isipokuwa muda ukiangukia siku ambayo korti imefungwa, na ndiyo maana Ijumaa ni siku mbaya sana ya kukamatwa. Hayo nayasema polepole, mguu ukiwa kwenye cherehani. Lile swali la mwisho, la asemeje, ndilo huwa nalijibu kwa sauti ya juu.

"Asikubali kitu ambacho hakufanya! Hata nusu! Asiseme ni kweli ati ndio aende nyumbani!"

Kuna mama mmoja aliwahi kuniambia, "Haiya, mbona unanigombeza, kwani ni mimi nimeiba?" Nilimwomba radhi, nikamwekea chai. Si yeye niliyekuwa namgombeza.

Maitu, mama yangu, alikuwa anakaa hapo hapo pembeni, kwenye kigoda, anaambua minji, zile njegere za kupikia. Alikuwa ameshahamia kwangu wakati huo kwa sababu ya miguu yake. Alisikia maswali yote na majibu yote, mwaka baada ya mwaka, na hakuwahi kuingiza neno. Mgeni akitoka alikuwa anasema tu, "Leo umempa chai bila sukari," ama, "Huyo mwanamke anafanana na watu wa Gatanga." Mimi nilikuwa najua anasikia. Alikuwa na masikio mazuri kuliko yangu.

Ndugu yangu ndiye aliyenifanya nijifunze haya. Tulizaliwa wawili tu, mimi nikamtangulia. Baba alituacha mapema, akazikwa, na Maitu akatulea kwa kazi ya kuchuma kahawa kwenye mashamba na kwa ule ushirika wake wa Alhamisi.

Lazima nieleze ushirika, maana bila huo hakuna kitu kitaeleweka. Ni watu waliookoka wanaokutana nyumbani kwa mmoja wao, mchana, wanawake wengi na wazee wachache. Wanaomba, wanasoma, halafu mtu akiwa na jambo linamsumbua anasimama mbele ya wenzake na kulisema. Halisemi kwa kuzunguka. Anasema, nilimdanganya jirani, niliweka chuki kwa mke wa mwanangu, nilipima maziwa vibaya. Hajitetei. Akimaliza tu, mmoja anaanzisha wimbo, wote wanadakia, wanainuka kumkumbatia, na jambo limeisha. Kulirudia tena ni dhambi yako wewe unayelirudia. Nimewaona watu wazima wakitoka pale na nyuso nyepesi kabisa. Sitacheka ushirika. Ulimshikilia mama yangu wakati hakukuwa na kitu kingine cha kumshikilia.

Na kulikuwa na jambo lingine walilofundishana. Ukisingiziwa, usibishane. Kubishana ni moyo mgumu. Tafuta ndani ya hilo jambo sehemu iliyo yako, hata iwe ndogo kama punje, utubu hiyo, na yaliyobaki umwachie Mungu. Maitu ndiye aliyekuwa akianzisha wimbo. Kila mara. Alikuwa na sauti nyembamba inayopanda haraka, na mtu alikuwa hajamaliza vizuri neno lake la mwisho kabla hajaisikia.

Ndugu yangu alikulia katikati ya hayo kuliko mimi. Mimi ulimi wangu haukuokoka. Siku moja watoto wa plot walivunja kikombe cha jirani, kikombe chake cha wageni, na tulipoulizwa mimi nilipiga kelele kwamba hatukuwepo karibu. Yeye akasimama, mdogo vile, akasema, "Mimi nilicheka kikianguka." Maitu akambeba akaimba naye uani. Jirani akabaki ameshika vipande, hajui amkasirikie nani.

Akakua akawa fundi wa kuchomelea. Alipata kibanda Mwiki, kule Ruiru, kando ya barabara, akatengeneza mageti, madirisha, na mikokoteni. Kazi yake ilikuwa safi. Nikienda kumtembelea nilikuwa namkuta amevaa ile miwani nyeusi, cheche zinaruka, na akiniona anazima mashine anasema, "Dada, simama mbali, usiangalie mwanga." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alioa, akapata msichana. Alhamisi alikuwa anafunga kazi mapema ili awahi ushirika wa huko kwao.

Mteja mmoja ambaye ndugu yangu alikuwa ameshamfanyia kazi akamletea mabomba ya chuma kwa mkokoteni. Akasema ni ya nyumba ya zamani iliyobomolewa, anataka geti ya plot. Ndugu yangu akayakata, akaanza kuunga. Geti likiwa limesimama nusu, polisi wakaja na mwenye mabomba. Kumbe yalikuwa ya kujengea maghorofa, yale mafundi husimama juu yake wakipiga plasta, na yalikuwa yameibwa kwenye mjengo mmoja hapo hapo Ruiru. Yule mteja simu yake haikushika tena.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Mke wake alinipigia akilia, na asubuhi yake mimi na Maitu tukaenda kituoni.

Wacha niseme ukweli, hawakumpiga. Alikuwa mzima. Lakini alikuwa ameshawaambia yote, waliyouliza na wasiyouliza. Sijui kama kuna aliyemwambia kwamba anaweza kunyamaza. Pengine aliambiwa. Mtoto wa Maitu na kunyamaza ni wapi na wapi.

Walitupa dakika chache tuongee naye, askari akiwa amesimama karibu.

"Sikujua ni ya wizi, Maitu," akasema.

"Najua, mwanangu."

"Lakini niliona yamekwanguliwa rangi. Ilikuwa njano. Ilibaki kidogo kwenye maungio. Nikajiuliza mbona mtu akwangue rangi ya chuma kizuri. Halafu nikawasha grainda, nikakata."

Nilitaka kumziba mdomo kwa mkono wangu. Askari alikuwa hapo hapo! Nikamwambia, "Ngai, nyamaza! Kujiuliza si wizi!"

Maitu akamkazia macho, macho yake yalikuwa laini. "Basi hiyo ndiyo yako," akamwambia. "Hiyo rangi. Usibishane na watu. Wewe sema yako, na Mungu atashughulikia zao."

"Maitu, hapa si ushirika. Hapa ni polisi."

"Mungu yuko hata hapa."

Yule askari, mtu wa makamo, alikuwa anasikiliza na nafikiri alituonea huruma kwa kweli. Akasema, "Mama anasema vizuri. Akikubali hii maneno inaisha haraka. Hakimu hapendi mtu wa kumsumbua." Na ndivyo kila mtu anavyoamini, kutoka Mwiki mpaka Kiganjo. Kubali, uombe msamaha, utaambiwa ufagie kwa chifu wiki kadhaa, uende zako. Jioni ile nilisikia maneno hayo hayo kwa jirani, kwa mwenye kiosk, na kwa mzee mmoja wa kanisa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama kizimbani.

Nilimshika ndugu yangu mkono kabla hawajamrudisha ndani. "Sema si kweli. Tutatafuta wakili, tutamtafuta huyo mtu wa mabomba. Umenisikia?"

"Lakini dada," akaniambia, "hiyo rangi niliiona."

Jumatatu tukaenda kortini. Tulikaa benchi la nyuma, Maitu katikati, mke wa ndugu yangu upande ule na mtoto mgongoni. Maitu alikuwa amevaa kitambaa chake cheupe cha kichwani, kile cha Alhamisi. Nilipokiona asubuhi nikajua kwamba kwake tunaenda ushirika, na nikamwambia akivue, akakataa.

Kabla ya ndugu yangu aliitwa mwanaume mmoja wa mashavu makubwa. Yeye alikuwa amekutwa na pikipiki ya mtu chumbani kwake, imefunikwa blanketi. Karani akamsomea, akamuuliza kama ni kweli ama si kweli. "Si kweli!" akasema, kwa sauti ya kukasirika kabisa, kama ametukanwa. Hakimu akaandika. Akapewa dhamana na siku ya kurudi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupima mtoto sweta.

Halafu akaitwa ndugu yangu. Alisimama wima, mikono mbele. Karani akamsomea shtaka kwa Kiswahili, sauti ya haraka lakini inasikika: kwamba alipatikana na mabomba ya mtu fulani, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba ni mali ya wizi. Hapo kwenye "sababu ya kuamini" nilimwona anainua kichwa. Nilijua anafikiria nini. Nilijua kama ninavyojua kiganja changu.

"Umeelewa shtaka?"

"Nimeelewa."

"Ni kweli ama si kweli?"

 Mimi nilikuwa nimeshasimama bila kujua, na askari wa korti akanionyesha kwa kidole niketi.

"Ni kweli," ndugu yangu akasema.

Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo, mabomba, kibanda, geti nusu. Hakimu akavua miwani, akamtazama. Nampa haki yake, alimtazama vizuri. Akamuuliza tena, "Hayo yaliyosomwa ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa. Naomba msamaha. Nimetubu."

Mtu mmoja benchi la mbele alicheka kidogo. Na kando yangu nikasikia Maitu ameanza. Sauti ile nyembamba, chini chini, ikipanda. Alikuwa ameanzisha wimbo. Askari akaja mbio, "Mama! Mama! Hapa ni korti!" Maitu akanyamaza, lakini midomo yake ikaendelea, na alikuwa anatabasamu. Alikuwa anangoja watu wainuke.

Hakimu akasema atatoa hukumu baada ya mapumziko. Ndugu yangu akarudishwa seli za pale nyuma na sisi tukatoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta. Yule mwanaume wa pikipiki alipita karibu yetu na ndugu zake, anakunywa soda. Mke wa ndugu yangu alikuwa anauliza, "Sasa atatoka leo? Nimuachie chakula?" Mimi nilikuwa natembea huku na huku, nimekasirika mpaka sioni mbele. Na Maitu, kwa kuwa tulikuwa nje na hakuna askari wa kumkataza, aliimba. Aliimba wimbo mzima kwa furaha, amefumba macho, muda wote ule wa kungoja. Mwanawe alikuwa amesema ukweli mbele ya wakubwa na hakuogopa. Sijawahi kumwona akijivunia mtu vile.

Tuliporudi ndani akapewa miaka mitatu, bila faini. Hakimu alisema wizi wa vyuma umezidi na lazima kuwe na funzo. Ndugu yangu akageuka kututazama na uso wake ulikuwa wa mtu anayengoja kitu kingine kifuate. Nafikiri na yeye alikuwa bado anangoja watu wainuke. Askari akamshika mkono akamwongoza mlangoni.

Baada ya hapo nilimtafuta wakili kama mwendawazimu. Nikasikia kuna wanasheria wanakuja kutoa ushauri bila malipo kwenye ukumbi wa kanisa moja, nikaenda nikapanga foleni. Nilipata msichana mdogo, amevaa suti kubwa kuliko yeye, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu. Aliniambia kitu ambacho sitakisahau. "Mama, kusema si kweli kortini si uongo. Ni kumwambia anayekushtaki athibitishe. Hata mtu mwenye wasiwasi moyoni ana haki ya kusema hivyo." Akaniuliza, "Na hukumu ilitolewa papo hapo?" Nikamwambia hapana, baada ya mapumziko.

Akaweka kalamu chini. "Basi alikuwa bado na nafasi," akasema. "Mpaka hakimu asome hukumu, mtu anaweza kubadilisha. Angeomba tu. Angesema, nimefikiria tena, si kweli. Ingeandikwa hivyo, na kesi ingeanza."

Sikulia pale. Nililia stendi ya Thika, nimesimama kati ya watu, na mwanamke mmoja anayeuza ndizi akanipa leso.

Aliniambia pia kuhusu rufaa, kwamba wiki mbili zinaisha haraka, na kwamba mtu aliyekubali mwenyewe ana njia nyembamba sana, lakini tujaribu. Nikaenda jela kumwambia ndugu yangu. Akakataa. "Nitaenda kukana niliyokiri? Si nitakuwa mwongo mara mbili?" Nikarudi kwa Maitu nikamwambia amshawishi, wewe ndiye anakusikiliza, mwambie! Maitu akaniambia huo ni ujanja wa mawakili. Tuligombana uani mpaka majirani wakatoka. Nilimwambia maneno, siyarudii hapa.  Yeye aliingia ndani, akafunga mlango polepole, na wiki mbili zikapita.

Ile miaka ilikwenda. Mke wake alivumilia, namsifu, mwishowe akachukua mtoto akarudi kwao. Kibanda cha Mwiki kikachukuliwa na mtu wa kuosha magari. Mashine yake ya kuchomelea ilikuja kwangu, nikaifunika kwa kitambaa cha sweta zilizoharibika. Mimi nikaanza kwenda kortini siku ambazo sina kazi, nakaa benchi la nyuma, nasikiliza. Miezi ya sare haikuniruhusu, lakini siku zingine nilienda. Niliwasikia watu wakisema ni kweli, ni kweli, ni kweli, wengi wao wakiwa wamechoka tu. Nikaanza kuwaambia majirani niliyosikia, nao wakaniletea majirani wao.

Jela, ndugu yangu alizungumza kidogo, kisha kidogo zaidi. Mwaka wa kwanza aliniuliza habari za ushirika. Mwaka wa pili hakuuliza. Siku moja nilimwambia Maitu anamsalimia na anamwombea, akaangalia mikono yake. Ile mikono ilikuwa imelainika, alama za moto zimefutika. "Mwambie asante," akasema. Maitu hakuweza tena kupanda gari mpaka kule kwa sababu ya miguu, kwa hivyo salamu zote zilipita kwangu, na zilikuwa chache kila mara.

Alitoka kabla ya muda wake kuisha kwa sababu ya tabia nzuri. Hilo halikutushangaza. Nilienda kumchukua. Alikuwa amekonda shingoni, na alipofika kwangu alisimama mlangoni mpaka nikamwambia aingie. Maitu alimshika uso kwa mikono yote miwili, akampapasa, woi, mwanangu, woi, na yeye akainama akakaa hivyo. Nilifikiri labda yataisha hivyo tu. Nilienda kupika.

Alhamisi iliyofuata ushirika ulikuwa kwetu, kwa ajili yake. Wote walikuja, hata wale wazee ambao siku hizi hawatoki. Walijaa chumba cha cherehani, wakakalia vitambaa vyangu, na Maitu akakaa kwenye kigoda chake amevaa kitambaa cheupe. Alikuwa amefurahi. Alikuwa ameniomba nimpigie pasi kile kitambaa mara mbili. Ni desturi yao kwamba aliyekuwa mbali akirudi anasimama kutoa ushuhuda, kwa hivyo baada ya maombi mzee kiongozi akamwambia, "Ndugu yetu, karibu utuambie Bwana amekutendea nini huko."

Ndugu yangu akasimama. Aliweka mikono nyuma, na macho akayaweka sakafuni. Tulingoja. Mtu akasema asifiwe, wengine wakaitikia, tukangoja tena. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai.

"Si kweli," akasema.

Mzee akainama mbele. "Umesema nini, ndugu?"

"Si kweli. Sikujua ni mabomba ya wizi. Niliona rangi tu." Alisema kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu anayeeleza kazi. "Niliona rangi tu, nikajiuliza. Si kweli." Akakaa chini.

Hakuna aliyejua la kufanya. Katika ushirika ule mtu hajawahi kusimama akasema hivyo. Wote wakamgeukia Maitu, kwa mazoea, maana yeye ndiye wa kuanzisha wimbo. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Haikutoka sauti. Nje boda boda ilipita na redio yake, ikaenda, na bado haikutoka sauti. Kisha akaniomba fimbo yake.

Nilimshika mkono nikamtoa nje, tukakaa kwenye jiwe kando ya tangi la maji. Jua lilikuwa kali. Kutoka ndani tulisikia mzee ameanza maombi, kwa sauti ya kubahatisha. Maitu alikuwa anafungua na kufunga fundo la kile kitambaa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeyaweka maneno yangu tayari, kila neno ambalo ningemwambia siku akiniuliza, na sasa nilikuwa naomba asiulize.

"Wewe unajua mambo ya korti," akasema.

"Ndio, Maitu."

"Mtu akisema ni kweli, na haikuwa kweli. Anaweza kumwambia hakimu amerudi nyuma?"

Watu wameniuliza hilo mara nyingi kwenye hicho chumba, yeye akiwa pale pembeni na minji yake. Alikuwa analijua jibu. Nilimjibu kama ninavyowajibu wengine, lakini polepole.

"Anaweza. Mpaka hakimu asome hukumu. Hapo katikati anaweza kubadilisha."

"Hapo katikati. Wakati tulitoka nje."

"Ndio."

 Alitazama mlango wa chumba, ambako mwanawe alikuwa amekaa katikati ya watu wake wote na hakuna aliyemshika mkono.

"Muda wote huo," Maitu akasema, "mimi nilikuwa naimba."